Ukuta wa Mbao Kati ya Madarasa Mawili

Shuleni hapo wanafunzi walimwita Babu Chaki, na si kwa sababu alikuwa amekula chumvi nyingi. Chaki ilikuwa imemganda: kwenye nyusi, kwenye kucha, kwenye pindo za suruali, hata kwenye kikombe chake cha chai ofisini. Alifundisha hisabati madarasa ya juu, na alifundisha vizuri, ingawa alikuwa na ugonjwa mmoja unaowapata walimu wengi wanaoipenda kazi yao. Mdomo wake ulikimbia kuliko akili. Akishapata moto, bwana huyu aliweza kusema tano mara nane ni thelathini na tano, akaandika arobaini ubaoni, na asijue kwamba amefanya yote mawili.

Dawa ya ugonjwa huo alikuwa mkewe. Yeye alifundisha wale wanaoanza, watoto wanaokutana na aljebra kwa mara ya kwanza na kuuliza herufi zimefuata nini kwenye namba. Walimwita Mama Panga. Mgeni akilisikia jina hilo alidhani ni mwanamke wa kutembea na silaha, kumbe wapi. Lilitokana na neno lake moja, "Panga kwanza!", ambalo alilisema kutwa kucha, kwa wanafunzi, kwa mumewe na kwa sufuria za jikoni kwake.

Madarasa yao yalikuwa chumba kimoja kirefu kilichokatwa katikati na ukuta wa mbao nyembamba. Ubao wa kuandikia wa kila darasa ulipigiliwa kwenye ukuta huo huo, mgongo kwa mgongo, hivyo mume akiandika upande wake, mke alisikia chaki ikidonoa upande wa pili kama kuku. Sauti nazo zilipita bila kupiga hodi. Na kila Babu Chaki alipokosea, Mama Panga aligeuza kifutio chake, akagonga ukuta mara mbili kwa ule mgongo wake wa mti. Ko, ko. Wanafunzi wa upande wa pili waliangua kicheko: "Mwalimu, unaitwa!" Naye alirudi nyuma, akautazama ubao kama mtu aliyepoteza funguo, akatafuta kosa lake mpaka akalipata.

Hata uchumba wao ulianzia ukutani hapo. Babu Chaki alikuwa mwalimu mgeni, kijana mwenye tai, akiwaeleza wanafunzi kwa mbwembwe kwamba namba ikisimama peke yake, tuseme saba, haina digrii. Ko, ko. Akadhani ni fundi anapigilia msumari, akaendelea. Ukuta ukagongwa tena, safari hii kwa hasira. Saa ya mapumziko akamkuta mwalimu wa kike amesimama mlangoni mwa ofisi, kifutio mkononi.

"Wewe ndiye mwalimu mgeni?"

"Ndiye mimi, dada."

"Saba ina digrii. Digrii yake ni sifuri. Usiwadanganye watoto wa watu."

"Sasa sifuri na kutokuwa nayo kuna tofauti gani?"

"Ndoo tupu ni ndoo," akasema. "Asiye na ndoo ataenda bombani na nini?"

Mwingine angenuna wiki nzima. Yeye alikwenda kununua soda mbili. Jambo la ajabu ni kwamba makosa yake mengine yote aliyarekebisha polepole, lakini lile la saba halikumtoka. Kila mwaka, akipita karibu na digrii, ulimi uliteleza pale pale, na ukuta uligongwa pale pale. Mkewe alimwambia mbele ya binti yao kwamba anafanya kusudi ili agongewe. Alikana kwa kiapo, huku anacheka. Miaka mingine, ukweli usemwe, alifanya kusudi.

Kisha Mama Panga akafa. Ilikuja homa iliyoonekana ya kupita, ikakaa, ikamlaza, ikamchukua. Alikuwa ameanza mwaka na darasa jipya la wanaoanza, na kati yao alikuwemo mjukuu wao wa pekee, msichana mwembamba mwenye maswali, aliyemwita Bibi nyumbani na Mwalimu darasani bila kuchanganya hata siku moja. Walikuwa wameshajifunza kukusanya herufi zinazofanana. Somo lililofuata lilikuwa polinomia, na hilo hakulifikia.

Waliomboleza, wakazika, watu wakarudi makwao. Babu Chaki akabaki katika nyumba yenye meza mbili za kusahihishia zilizotazamana, kalamu nyekundu za marehemu zikiwa zimesimama katika kopo la siagi. Binti yake, mama wa mjukuu huyo, fundi cherehani wa mtaa wa pili, alimletea chakula, na mara nyingi alikikuta kesho yake kama alivyokiacha. Mzee hakulia. Alizunguka nyumbani akisikiliza. Jikoni sufuria ikiteleza, aligeuka. Mlango wa kabati ukilia, aliitika "Naam?" halafu akaona haya mbele ya kabati.

Mkuu wa shule, mwanamke mpole mwenye mafaili mengi kuliko meza, alimwita ofisini.

"Pole tena, mwalimu wangu. Sijui nilisemeje hili. Sina mtu wa kuwafundisha wale wadogo."

"Sema tu, Mkuu."

"Wakubwa nitampa yule kijana aliyeletwa, watahamia jengo jipya. Wewe uingie darasa la marehemu. Ukishindwa, niambie, nitaelewa."

"Nitaingia," akasema, maana hakujua namna ya kukataa kuingia mahali mkewe alipokuwa anaingia kila siku.

Darasa lake la zamani likageuzwa stoo ya madawati mabovu. Mtunza stoo, mtu wa maneno mengi na haraka kidogo, aliyarundika mpaka dirishani, akatia kufuli, akaning'iniza ufunguo kiunoni. Ubao wa Babu Chaki ulibaki mle ndani, gizani. Sasa alisimama upande wa pili wa ukuta ule ule, akaandika pale mkewe alipokuwa akiandika, na nyuma ya mbao hakukuwa na mtu.

Siku ya kwanza alijikaza kisabuni. Aliwaambia watoto kwamba polinomia ni neno kubwa la kitu kidogo. "Chukua herufi," alisema. "Ipe kipeo, na kipeo hicho kiwe namba nzima, kisiwe hasi. Izidishe kwa namba yoyote. Hicho ni kipande. Vipande ukivijumlisha au ukivitoa, umepata polinomia. Herufi ikijificha chini ya mstari wa sehemu, au ndani ya kipeuo, hiyo tena si polinomia, ni ndugu wa mbali."

Watoto walicheka kidogo, kwa kuchungulia kama wanaruhusiwa. Akaandika ubaoni:

5x³
2x + 9
x² − 4x + 1

"Kila polinomia ina majina mawili, kama mtu. Jina la kwanza linatokana na kuhesabu vipande. Kimoja, monomia. Viwili, binomia. Vitatu, trinomia. Vikizidi hapo tunaacha kujichosha, tunaita polinomia tu. Jina la pili linatokana na digrii, yaani kipeo kikubwa kuliko vyote. Hii ya juu ina kipeo cha tatu, ni ya digrii ya tatu. Hii ya kati, x haina kipeo kilichoandikwa, basi ni moja, digrii ya kwanza. Hii ya chini?"

"Digrii ya pili!"

"Safi kabisa. Na saba?" Akaandika 7 peke yake. Mdomo ulikuwa umeshapata moto. "Saba peke yake, ukiitazama, haina digrii."

Ko, ko.

Darasa zima lilisikia. Hili lazima lieleweke, maana baadaye wapo waliosema mzee alichanganyikiwa kwa majonzi. Watoto wote waliinua vichwa. Wengine walishikana mikono chini ya dawati. Ilitoka ukutani, nyuma ya ubao, mara mbili, kwa mwendo ule ule wa mtu asiye na muda wa kupoteza. Mjukuu wake aliyekaa safu ya mbele alifunika mdomo kwa viganja, na macho yake yalikuwa yamemtoka pima.

Babu Chaki alishika ukingo wa meza. "Nimekosea," alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kutisha. "Saba ina digrii sifuri. Saba ni saba mara x kwa kipeo cha sifuri, na kitu kwa kipeo cha sifuri ni moja. Andikeni. Sifuri ni digrii kamili."

Kipindi kilipoisha alikwenda moja kwa moja kwa mtunza stoo.

"Nani yumo kwenye stoo?"

"Stoo gani, mzee wangu? Ufunguo huu hapa kiunoni, unanichoma tangu asubuhi."

"Fungua."

Walifungua. Miguu ya madawati ilikuwa imeelekea juu, vumbi limelala sakafuni bila alama ya unyayo. Karibu na ukuta hapakuwa na nafasi ya kusimama hata mtoto. Mtunza stoo alipiga chafya, akanyoosha kidole.

"Panya hao. Wamejaa."

"Panya anayejua aljebra?"

"Mwalimu, panya wa shule hii wamekula vitabu vyote, watakosa kujua?"

Siku nyingine mzee angecheka. Siku hiyo aliuweka mkono kwenye mbao, akauacha hapo mpaka mtunza stoo akaanza kukohoa kwa adabu.

Hapa ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama. Mtu mwingine angeogopa, angeita watu wa dua, angeomba uhamisho. Babu Chaki aliona jambo moja tu: amekosea, na ameitwa. Basi kama kukosea ndiyo njia ya kuitwa, kukosea ni kazi rahisi, alikuwa ameifanya ujana wake wote. Kesho yake alisimama mbele ya watoto, akaandika tena 7, akasema kwa sauti kubwa na polepole, kama anayemsemesha mtu aliye mbali, kwamba saba haina digrii. Akanyamaza. Akasikiliza.

Kimya.

Akahama kwenye kosa jingine. Akaandika 5x + 3x³ − 2, akasema digrii yake ni ya kwanza, kwa sababu kipande cha kwanza kina x bila kipeo. Hilo ndilo kosa ambalo Mama Panga alilichukia kuliko yote, kosa la kutazama aliyetangulia mlangoni ukadhani ndiye mkubwa wa nyumba. Kwa ajili ya kosa hilo ndiyo alikuwa akipiga kelele "Panga kwanza!", kipeo kikubwa mbele, kidogo nyuma, ndipo uite jina. Mzee alingoja. Watoto waliandika. Chaki ilimvunjikia mkononi.

Wiki iliyofuata aliwaambia kwamba tatu chini yake x ni polinomia halali. Wiki iliyofuata hiyo akahesabu vipande vya 4x³ + 2x − 4x³ + 1 bila kukusanya zinazofanana, akasema ni ya digrii ya tatu na ina vipande vinne, akayaacha hayo ubaoni hadi jioni. Siku moja, baada ya kosa kubwa kabisa, kitu kiligota nyuma ya ubao, mara moja tu, hafifu. Pengine dawati lilikaa vizuri juu ya jingine. Alikichukua hivyo hivyo, kikamtosha kwa siku kadhaa, kama mvuta sigara aliyeokota kipisi.

Nyumbani alibadilika. Alianza kula. Alinyoa ndevu. Binti yake alimwona anapanga masomo mezani akitabasamu, akashukuru Mungu kwamba baba anapona. Hakujua kwamba mzee alikuwa anachagua makosa ya kesho, akiyapima lipi litamuudhi marehemu zaidi.

Na watoto? Watoto waliandika. Wengine walikuwa hawajui kitu, wakameza yote. Wengine walijua, maana walikuwa na kaka na dada madarasa ya juu, na mmoja alikuwa na Bibi aliyemfundisha digrii jikoni kabla ya mwaka kuanza. Hakuna aliyenyoosha mkono. Kila mwalimu alipokosea, darasa zima lilikaa kimya, vichwa vimeinama, masikio yamesimama.

Ukaja mtihani wa pamoja wa shule jirani. Uliletwa umefungwa, ukasahihishwa na walimu wasiowajua watoto hawa, na matokeo yake ndiyo yaliyoamua nani ataendelea na hisabati na sayansi na nani atawekwa kando. Babu Chaki aliingia ofisini kwa Mkuu bila wasiwasi wowote. Mkuu hakumkaribisha kiti.

"Mwalimu, darasa lako wameibiana."

"Wameibiana nini?"

"Swali la polinomia. Wote wamekosa, na wote wamekosa sawasawa. Jibu moja, kosa moja, mpaka maneno ni yale yale. Wasahihishaji wanasema haijawahi kutokea. Wanafuta matokeo ya darasa zima. Sio swali hilo tu, mtihani wote." Akavua miwani, akasugua macho. "Wote watawekwa kando, mwalimu. Na mjukuu wako ndani."

Akamsogezea karatasi ya mjukuu. Mwandiko ule aliujua, bibi yake ndiye aliyeunyoosha. *Saba haina digrii.* Chini yake: *Digrii ni ya kwanza, kwa sababu kipande cha kwanza kina x bila kipeo.* Mistari myekundu ilipita juu ya kila jibu. Mzee alisoma mpaka mwisho. Lilikuwa somo lake, neno kwa neno, limeandikwa na mtoto aliyejua kwamba si kweli.

"Nipe mpaka kesho," akasema.

"Kesho asubuhi, basi. Wakishatuma orodha siwezi kitu."

Alipofika nyumbani binti yake alishakuwepo. Mjukuu alikuwa kwenye kiti cha pembeni, amevimba macho kwa kulia. Binti alikuwa bado na utepe wa kupimia shingoni, ametoka kwenye cherehani kama alivyo.

"Baba, shikamoo. Ni kweli?"

"Marahaba. Kweli nini?"

"Usinizungushe. Mimi nimelelewa na mama yule, najua digrii kuliko ninavyojua kukata kola. Umewafundisha uongo?"

Alikaa. Akaeleza, mara ya kwanza tangu mambo yaanze, yote: ugongaji wa siku ile, stoo, vumbi, na makosa aliyoyafanya baadaye mchana kweupe, kwa kusudi, akingoja. Alisema hayo akitazama kopo la kalamu nyekundu. Binti yake alimsikiliza mpaka mwisho, na alipojibu hakupaza sauti, jambo lililomuumiza zaidi.

"Mama amekufa, Baba. Watoto wa watu wako hai."

"Najua."

"Hujui. Mama angekukuta unafanya haya, asingegonga ukuta. Angekuvunjia kile kifutio kichwani."

Mjukuu alicheka katikati ya kwikwi, kisha akalia tena. Mzee akamgeukia.

"Wewe ulijua. Bibi alikufundisha. Kwa nini uliandika vile?"

Msichana alifuta pua kwa mkono wa sweta. "Kwa sababu ningeandika sahihi, Babu, ingekuwa nakiri kwamba wewe umekosea na yeye hajagonga." Akavuta pumzi. "Sote tulikuwa tunangoja. Tulikubaliana asinyooshe mkono mtu. Tukikurekebisha sisi, Bibi atakuwa hana haja ya kuja."

Babu Chaki alikuwa amedhani kwamba anangoja peke yake. Sasa aliona lile darasa zima limeinamisha vichwa, watoto wadogo wameacha somo na mtihani na maisha ya mbele ili mzee mmoja asikie mbao ikigongwa, na aliona aibu ambayo hajawahi kuiona. Alimvuta mjukuu kifuani, akamshika hapo, na aliogopa. Hakumwogopa marehemu. Alijiogopa mwenyewe, maana hata dakika ile, mtoto akiwa analia kifuani pake, sikio lake moja lilikuwa linasikiliza jikoni.

Asubuhi alimkuta Mkuu kabla ya kengele.

"Hawakuibiana. Niliwafundisha mimi hivyo, kwa kusudi."

Mkuu aliuliza kwa nini, na mzee akamwambia, bila kupamba. Mkuu alifungua faili, akalifunga, akatoa leso.

"Unajua naweza kukusimamisha kazi kwa hili?"

"Unaweza. Waambie wasahihishaji kwanza."

Aliwaambia. Simu zilikwenda na kurudi, maneno makali yakasemwa, na mwisho wakakubali: watoto watapewa swali jipya la polinomia, asubuhi inayofuata, chini ya macho ya wasimamizi wa nje. Wakipata, mtihani wao utahesabiwa. Wakikosea kwa kufanana tena, basi. Kuhusu Babu Chaki, bodi ya shule ingekaa mwisho wa muhula.

"Nani atawafundisha leo?" akauliza.

"Nani mwingine yupo?" Mkuu akajibu kwa uchovu. "Nenda. Na tafadhali, mwalimu wangu."

Hakumalizia. Alikwenda.

Watoto walisimama alipoingia. Akawaambia wakae. Akawaambia kwamba yote aliyowafundisha juu ya polinomia baada ya siku ile ya kwanza wayafute, kwamba alikosea kwa makusudi, kwamba kosa ni lake na si lao, na kwamba anawaomba radhi. Watoto hawajazoea kuombwa radhi na mtu mwenye mvi, wakaangalia madawati yao. Kisha akageuka, akachukua chaki.

Hakukimbiza mdomo. Aliandika 5x + 3x³ − 2, akauliza tunaanza na nini, na darasa likajibu kwa sauti nyembamba, "Panga kwanza." Akapanga: 3x³ + 5x − 2. Digrii ya tatu, vipande vitatu, trinomia ya digrii ya tatu. Akaandika 4x³ + 2x − 4x³ + 1, akawaonyesha jinsi wakubwa wawili wanavyouana, na kilichobaki ni 2x + 1, binomia ya digrii ya kwanza. "Anayeita jina kabla ya kukusanya," alisema, "amembatiza mtoto ambaye hajazaliwa." Akaandika tatu chini yake x, akaipiga mstari: hii si polinomia. Alikwenda hivyo, mfano baada ya mfano, akihakiki kila alama kabla ya kuiacha, na ubao ulijaa mambo ya kweli kutoka juu mpaka chini.

Akafika kwenye saba.

Aliiandika peke yake, akasimama. Mbao zilikuwa mbele ya pua yake. Alizisikia, kama unavyosikia chumba chenye mtu. Nyuma yake watoto walikuwa wameacha kuandika. Neno lilikuwa tayari mdomoni, *haina*, lile lile la ujana wake, la tai na soda mbili, na alijua kwa uhakika usio na sababu kwamba akilisema leo, leo hii, atagongewa. Hakuna aliyemwambia hivyo. Alijua tu.

"Saba," akasema, "ina digrii sifuri."

Alisema tena, kwa nguvu zaidi, wasije wakasema hawakusikia. Akaendelea kwenye sifuri yenyewe, ambayo ndiyo peke yake isiyo na digrii, kwa sababu unaweza kuizidisha kwa x yenye kipeo chochote utakacho na itabaki sifuri, kwa hiyo hakuna kipeo cha kuchagua. Akauliza maswali. Mikono ilinyooshwa kote, ile iliyokaa chini wiki zote zile, na majibu yalikuwa sahihi. Kipindi chote kiliisha, na mwalimu yule hakukosea hata mahali pamoja. Ukuta ulinyamaza, ukanyamaza kabisa, kama ukuta wa mbao tu.

Watoto walitoka kwenda kusoma nje. Mjukuu alibaki akikusanya vitu vyake polepole, mpaka wakawa wawili. Akamtazama babu yake aliyesimama amepakwa chaki mpaka kwenye kope, machozi yakipita katikati ya vumbi lile jeupe bila yeye kuyafuta.

"Hakugonga, Babu."

"Hakugonga. Sikumpa sababu."

"Na kesho?"

"Kesho pia," akasema mzee. "Kesho pia sitampa."